Kipimo cha Maabara cha Madini Adimu: Namba Iliyo Kwenye Cheti Hupatikanaje

Tarehe 17 Aprili, 2023 Serikali ya Tanzania ilitia saini makubaliano na kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia kuhusu uendelezaji wa mradi wa madini adimu wa Ngualla, mkoani Songwe. Mradi huo uliwekwa chini ya kampuni ya ubia ya Mamba Minerals, ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Taarifa za mradi zilieleza kuwa mwamba wa Ngualla una rasilimali ya tani milioni 214 zenye wastani wa asilimia 2.15 ya oksidi za elementi adimu.

Asilimia hiyo haikusomwa kwenye jiwe kwa macho. Ilitoka maabara, kutokana na maelfu ya sampuli za uchorongaji zilizosagwa, kuyeyushwa na kupitishwa kwenye mashine zinazosoma spektra, yaani mpangilio wa nuru au mionzi ambayo kila elementi huitoa kwa namna yake. Ubora wa kipimo hicho ndio msingi wa mambo mengi yanayofuata: thamani ya mgodi, mrabaha unaotozwa kwenye thamani ghafi ya madini, kibali cha kusafirisha shehena nje ya nchi, na kwa mwananchi wa kawaida, uamuzi wa kuweka au kutoweka fedha zake kwenye jiwe analooneshwa pamoja na karatasi yenye jina la elementi na namba pembeni yake.

Makala haya yanaeleza namna namba hiyo inavyopatikana, mahali inapoweza kupotosha, na mambo ambayo mwenye cheti anapaswa kuyatazama kabla ya kukiamini.

Madini yanayozungumziwa

Elementi adimu za ardhi ni 17: lanthanidi 15, kuanzia lanthanamu hadi luteshiamu, pamoja na skandiamu na itriamu. Jina "adimu" lina historia yake na halipaswi kuchukuliwa kwa maana ya juu juu. Seriamu, kwa mfano, imo kwenye gamba la dunia kwa kiwango kinachokaribiana na cha shaba. Uadimu wake unatokana na mambo mawili: ni mara chache elementi hizi kukusanyika mahali pamoja kwa wingi wa kutosha kuchimbwa kwa faida, na zinapokusanyika huwa zimeshikamana kiasi kwamba kuzitenganisha ni kazi ngumu na ya gharama kubwa. Zinazotafutwa zaidi kwa sasa ni neodimiamu na praseodimiamu, ambazo hutengenezea sumaku zenye nguvu za mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. China ndiyo inayoongoza duniani katika uchimbaji na usafishaji wake, na Aprili 2025 iliweka udhibiti wa usafirishaji nje wa elementi saba kati ya hizo 17.

Tanzania ina aina mbili za mashapo ambazo ni vyema zikatofautishwa. Ya kwanza ni miamba ya kabonataiti, iliyotokana na uji wa moto wenye kaboneti nyingi, kama ilivyo Ngualla na katika kilima cha Wigu mkoani Morogoro. Huko Ngualla elementi adimu zimo hasa ndani ya madini ya bastnasaiti. Aina ya pili iko karibu zaidi na wakazi wa Dar es Salaam. Ni mchanga mzito wa pwani, ule mweusi unaoonekana umejipanga kwa mistari ufukweni baada ya maji kupwa. Mchanga huo una ilmenaiti, rutaili, zirikoni na, kwa kiasi kidogo, monazaiti, ambayo ni fosfeti ya elementi adimu. Mradi wa Fungoni, ambao Serikali iliuingilia ubia kupitia kampuni ya Nyati Mineral Sands kwa makubaliano ya Desemba 2021, uko Kigamboni, takriban kilomita 25 kutoka Bandari ya Dar es Salaam, katika eneo lililokuwa sehemu ya Temeke kabla ya Kigamboni kuwa wilaya. Kwa mkazi wa Mtoni, mashapo ya monazaiti yako ng'ambo tu ya mkono wa bahari.

Tofauti ya bastnasaiti na monazaiti si suala la majina. Madini haya mawili huyeyuka kwa namna tofauti, hubeba kiwango tofauti cha thoriamu, na huidanganya mashine kwa namna tofauti.

Kabla ya mashine

Makosa mengi ya vipimo hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Mtu akiokota jiwe moja linalong'aa kuliko mengine na kulipeleka maabara, atapata jibu sahihi kuhusu jiwe hilo moja, wala si kuhusu kilima. Katika mchanga wa pwani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu bahari yenyewe imekwisha kuchambua: mstari mweusi wa juu unaweza kuwa na madini mazito mara nyingi zaidi ya mchanga ulio nusu mita chini yake. Kwa sababu hiyo watafiti huchoronga kwa vipimo vya umbali vilivyopangwa, na kila sampuli huandikwa mahali na kina ilipotolewa.

Maabarani sampuli hukaushwa, hupondwa, hugawanywa kwa robo ili sehemu inayobaki iwakilishe nzima, kisha husagwa hadi kuwa unga laini ambao sehemu yake kubwa hupita kwenye chekeche la maikroni 75. Unga huo ukibaki na chembe kubwa, kipimo hubadilika kila kinaporudiwa.

Kusoma spektra, na jirani anayefanana

Chanzo cha elimu hii ni Ujerumani, ambako mwaka 1859 Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walionesha kuwa kila elementi ikipashwa moto hutoa mistari ya nuru isiyobadilika. Miaka 26 baadaye, mwaka 1885, mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, aliigawanya didimiamu, iliyodhaniwa kuwa elementi moja, na kupata mbili: praseodimiamu na neodimiamu. Mistari ya spektra ndiyo iliyothibitisha kwamba kilichokuwa kikiitwa kwa jina moja kilikuwa vitu viwili. Tangu hapo historia ya elementi adimu imekuwa historia ya kutenganisha vinavyofanana.

Mashine inayoonekana zaidi sokoni leo ni ya XRF. Nyingine ni kubwa na hukaa maabara, nyingine hushikwa mkononi kama bastola na kuelekezwa kwenye jiwe. Mashine hurusha eksirei kwenye sampuli, atomu za sampuli husisimka na kutoa eksirei zake zenyewe, na kila elementi huwa na kiwango chake cha nishati. Kwenye kioo cha mashine elementi huonekana kama kilele, na urefu wa kilele huashiria wingi wake.

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika. Kilele cha seriamu kinachotumika zaidi kiko kwenye nishati ya kiloelektronivolti 4.84. Kilele kimojawapo cha bariamu kiko 4.83. Kile cha lanthanamu kiko 4.65, katikati ya kilele kikuu cha bariamu kilicho 4.47 na hicho chake cha pili. Titaniamu nayo ina kilele 4.51 na kingine 4.93. Kigunduzi cha mashine ya mkononi, hata kiwe kizuri, hakiwezi kutenganisha vilele vilivyokaribiana kwa chini ya takriban 0.14. Maana yake ni kwamba bariamu na seriamu, zinazopishana kwa 0.01 tu, huonekana kama kilele kimoja, na ni programu ya mashine inayoamua kukipa jina gani.

Tatizo hili linahusu mashapo ya Tanzania moja kwa moja. Mwamba wa Ngualla una baraiti nyingi, ambayo ni madini ya bariamu. Mchanga wa Kigamboni una ilmenaiti na rutaili, ambayo yote ni madini ya titaniamu. Kwa maneno mengine, katika sehemu zote mbili elementi inayoweza kujifanya kuwa madini adimu imo ndani ya sampuli hiyohiyo, tena mara nyingi kwa wingi kuliko madini adimu yenyewe. Jiwe la baraiti tupu, ambalo ni zito na hivyo humvutia mtu anayelinyanyua, linaweza kusomeka kwenye mashine isiyorekebishwa vizuri kama jiwe lenye seriamu.

Mtaalamu huondoa utata huo kwa kutazama mistari mingine ya elementi hiyohiyo. Kwenye nishati za juu bariamu husomeka 32.2, lanthanamu 33.4, seriamu 34.7 na neodimiamu 37.4, hapo majirani hawabanani. Mashine yenye nguvu ya kutosha husoma eneo hilo, ilhali yenye nguvu ndogo haifiki. Njia nyingine ni mashine kubwa za maabara zinazopanga eksirei kwa kutumia kristali, ambazo hutenganisha vilele vilivyokaribiana zaidi. Hii haina maana kwamba mashine ya mkononi haifai. Inafaa sana kwa kumwonesha mtafiti mahali pa kuchoronga kesho. Haifai kuwa msingi wa bei.

Kwa kipimo cha kuaminika sampuli huyeyushwa na kupelekwa kwenye mashine ya ICP. Ndani yake gesi ya agoni hupashwa hadi nyuzi zaidi ya 6,000 za Selsiasi, na myeyuko wa sampuli hunyunyiziwa humo. Aina moja ya mashine hiyo husoma nuru inayotolewa na atomu. Nyingine hupima uzito wa atomu moja moja na kuweza kugundua hata sehemu moja katika bilioni. Hata hivyo, mashine husoma kilichoyeyuka tu. Monazaiti ni sugu kwa asidi za kawaida, na zirikoni ni sugu zaidi. Sampuli ya mchanga ikichemshwa kwa asidi pekee, sehemu ya madini adimu hubaki chini ya chombo kama mashapo, na cheti hutoka na namba ndogo kuliko ukweli. Ndiyo maana maabara hutumia chumvi za borati ya lithiamu au peroksaidi ya sodiamu, ambazo huchanganywa na unga wa sampuli na kuyeyushwa kwa moto mkali hadi kila kitu kiwe kimoja.

Bariamu haikomei hapo. Katika mashine inayopima uzito, atomu ya bariamu ikishikamana na ya oksijeni huwa na uzito uleule wa yuropiamu: bariamu 135 na oksijeni 16 hufanya 151, na bariamu 137 na oksijeni 16 hufanya 153, na hizo ndizo atomu mbili pekee za yuropiamu zilizopo katika maumbile. Sampuli yenye baraiti nyingi inaweza hivyo kuonesha yuropiamu isiyokuwepo, isipokuwa maabara iwe imepima kiasi cha oksidi hizo na kukitoa. Ni elementi moja inayopotosha vipimo viwili tofauti kwa njia mbili tofauti, na mtu anayesoma cheti cha Ngualla, au cha kabonataiti yoyote, ana haki ya kuuliza kiwango cha bariamu kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna njia nyepesi ya kukagua cheti ambayo haihitaji mashine. Elementi adimu husafiri pamoja. Katika bastnasaiti na monazaiti seriamu huwa nyingi kuliko lanthanamu na kuliko praseodimiamu, na neodimiamu huwa nyingi kuliko praseodimiamu mara kadhaa. Ngualla, neodimiamu na praseodimiamu kwa pamoja ni takriban sehemu moja ya tano ya elementi adimu zote. Cheti kinachodai neodimiamu nyingi bila seriamu, au kinachotaja elementi moja ya kundi hili kwa asilimia kubwa huku majirani wake wakiwa sifuri, kinaeleza jambo ambalo maumbile hayana kawaida ya kulifanya.

Mionzi ya thoriamu

Monazaiti hubeba thoriamu, mara nyingi kwa asilimia kadhaa ya uzito wake. Bastnasaiti ya Ngualla ina kiasi kidogo sana, jambo lililotajwa mapema kuwa mojawapo ya faida za mradi huo. Thoriamu hupimwa kwa spektra ya aina nyingine, ya mionzi ya gama: wazao wake hutoa mistari inayotambulika, maarufu zaidi ukiwa ule wa kiloelektronivolti 2,614.

Usimamizi wa eneo hili uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003. Mchanga uliotawanyika ufukweni na mchanga uliochujwa hadi monazaiti ikabaki peke yake ni vitu viwili tofauti kwa upande wa usalama. Gunia la monazaiti iliyochujwa halipaswi kuwekwa chumbani au dukani. Kusaga monazaiti bila kinga ya vumbi kunahatarisha afya zaidi, kwa kuwa thoriamu ikiingia mapafuni hudumu humo.

Funzo la makontena 277

Watanzania wengi walisikia kwa mara ya kwanza jina la mojawapo ya elementi hizi mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji nje wa makinikia ya dhahabu na shaba, na Hayati Rais John Pombe Magufuli akaunda kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma kuchunguza makontena 277 yaliyokuwa Dar es Salaam. Kamati ilichukua sampuli katika makontena 44 na kukabidhi ripoti tarehe 24 Mei, 2017. Mbali na dhahabu, shaba na fedha, ripoti ilitaja madini mkakati, ikiwemo itebiamu, ambayo ni miongoni mwa elementi adimu 17. Kampuni ya Acacia ilipinga viwango vya dhahabu vilivyotajwa. Mazungumzo yaliyofuata kati ya Serikali na kampuni ya Barrick yalifikia makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, na kuzaa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, ambamo Serikali ina asilimia 16.

Mjadala wa wakati ule ulikuwa na sura nyingi, lakini kiini chake cha kitaalamu kilikuwa cha maabara: sampuli imechukuliwaje, imepimwa kwa njia ipi, na kiwango kilichopatikana kinamaanisha nini kwa thamani. Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Itebiamu imo katika udongo wa kawaida kwa gramu chache kwa kila tani, na mashine za leo huiona bila shida. Kuiona ni jambo moja, na kuweza kuitoa kwa faida ni jambo jingine. Mwaka huohuo Bunge lilirekebisha Sheria ya Madini, Sura ya 123, kuanzisha Tume ya Madini na kutamka kuwa Serikali itakuwa na hisa zisizopungua asilimia 16 ambazo haitazilipia katika migodi yenye leseni ya uchimbaji mkubwa au wa kati.

Pa kupimia na namna ya kusoma

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), ambayo chimbuko lake ni idara ya jiolojia iliyoanzishwa mwaka 1925, ina maabara jijini Dodoma na hupokea sampuli za wachimbaji wadogo na wakubwa. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, kituo cha African Minerals and Geosciences Centre (AMGC) kipo Kunduchi, Wilaya ya Kinondoni. Ni taasisi ya nchi wanachama wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1977.

Mwenye sampuli anashauriwa kuiambia maabara mapema kwamba anatafuta elementi adimu, na kueleza kama ni jiwe au mchanga. Kipimo cha dhahabu, ambacho ndicho kinachoombwa zaidi, hakitaonesha seriamu hata kama imejaa. Cheti kikitoka, kitazamwe kama kimetaja njia ya kuyeyusha sampuli na aina ya mashine, na kama maabara imepima pamoja nayo sampuli rejea yenye kiwango kinachojulikana na sampuli tupu isiyo na kitu. Maabara yenye ithibati ya kiwango cha ISO/IEC 17025 hufanya hivyo kama utaratibu. Cheti kisichotaja njia kina jina na namba tu.

Vipimo navyo visomwe kwa makini. Asilimia moja ni gramu 10,000 kwa tani, sawa na kilo 10. Baadhi ya maabara huandika elementi tupu na baadhi huandika oksidi, na oksidi ni nzito zaidi: neodimiamu ya asilimia 1 ikiandikwa kama oksidi husomeka asilimia 1.17, na seriamu husomeka 1.23. Muuzaji anayelinganisha elementi ya jiwe lake na oksidi ya Ngualla, au kinyume chake, analinganisha vitu visivyo sawa. Vilevile jumla ya oksidi zote isichukuliwe kuwa ni ya thamani moja: lanthanamu na seriamu, ambazo kwa kawaida ndizo nyingi zaidi, bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya neodimiamu.

Cheti cha maabara, hata kiwe sahihi namna gani, si leseni. Sheria ya Madini inatamka kuwa madini ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na hakuna anayeruhusiwa kutafuta au kuchimba bila leseni inayotolewa na Tume ya Madini, wala kusafirisha madini nje ya nchi bila kibali. Sharti la kibali linahusu pia sampuli zinazopelekwa nje kwa ajili ya kupimwa. Kwa sampuli inayoshukiwa kuwa na monazaiti, kipimo cha mionzi cha TAEC hutangulia safari.